Je, Kijana Huyu Atakuwa Bora Msimu Ujao?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanachama wa umoja wa wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wa mwaka



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya michezo na masomo, nilimjibu kwamba jambo hilo limekwisha kuhutubiwa mahali hapa mara nyingi kiasi kwamba hata mikaratusi ile inaweza kulirudia bila kukosea. Nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya kijana mmoja tu, tena wa mbali, aliyecheza mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona. Akakubali, ingawa nadhani alikubali kwa sababu muda ulikuwa umemwishia.

Swali langu ni hili: mtu ambaye mwaka huu amefanya kazi ya wastani, tutajuaje kama mwakani atafanya vizuri zaidi? Sisi tulio katika utumishi wa serikali tunalijibu swali hilo kila mwaka tunapojaza fomu za watumishi. Walimu wanalijibu kila muhula. Na mchana huu umoja wetu utalijibu, tupende tusipende, tutakapoamua fedha zetu ziende wapi. Nitaifikia hoja hiyo.

Kwanza mchezo wenyewe. Wamarekani wanauita mpira wa miguu, lakini miguu haina kazi kubwa, maana mpira unashikwa kwa mikono na una umbo la yai lililochongoka pande zote mbili. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10; ikifaulu hupewa mengine 4, ikishindwa inawaachia wenzao. Ikifika mwisho wa uwanja inapata pointi 6. Mtu anayeongoza kazi hiyo huitwa kwotabeki. Yeye ndiye hupokea mpira kila jaribio linapoanza, na ana sekunde mbili au tatu tu za kuamua ampe mwenzake akimbie nao, ama aurushe mbali kwa mwingine anayekimbia mbele, huku majitu ya upande wa pili yakimjia ili yamwangushe. Akichelewa ameangushwa. Akikosea, mpira unanaswa na adui. Mimi sijaona katika mchezo wowote mtu mmoja aliyebebeshwa mzigo wa namna hiyo.

Nilikuwa Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana, kwa masomo ya muda mfupi wakati wa msimu wa 2018. Chuo kikuu cha jimbo hilo, kinachojulikana kwa herufi LSU, kina uwanja wenye nafasi ya watu zaidi ya 100,000. Uwanja wetu wa Taifa pale Dar es Salaam, ambao leo una jina la Rais Mkapa, unachukua watu 60,000. Nasema hivyo ili mwelewe kwamba kijana wa chuo anayecheza nafasi hiyo hasemwi na wanafunzi wenzake peke yao. Anasemwa na jimbo zima, na kwa kinyozi hakuna habari nyingine.

Mwaka huo kwotabeki wao alikuwa mgeni, jina lake Joe Burrow. Alikulia karibu na mji mdogo wa Athens, kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio, na baba yake alikuwa kocha wa mchezo huohuo. Alipomaliza sekondari alijiunga na chuo kikuu kikubwa cha jimbo lake, Ohio State, na huko akakaa benchi miaka mitatu. Katika muda wote huo alirusha mpira mara 39 tu katika mechi. Mwaka 2017, kabla ya msimu kuanza, alivunjika mkono, na kijana mwingine akampita katika foleni. Mei 2018, baada ya kupata shahada yake katika miaka mitatu, alihamia Louisiana akiwa na misimu miwili tu ya kucheza.

Basi akacheza msimu wa kwanza. Alirusha mara 379, na mara 219 mpira ukafika kwa mwenzake, yaani asilimia 57.8. Mabao ya pasi zake yalikuwa 16. Timu ilishinda mechi 10 na kupoteza 3, na mojawapo ya zile 3 ilikuwa ile ya nyumbani dhidi ya Alabama, waliyofungwa 29 kwa 0. Si kazi mbaya. Lakini katika mchezo ule wakali hufika asilimia 65 na kupita, kwa hiyo huyu alikuwa, kwa lugha ya ripoti zetu za shule, mwanafunzi wa wastani, anayeweza kujitahidi zaidi.

Sasa jiwekeni mahali pa wale watu wa kwa kinyozi, katikati ya mwaka 2019. Je, huyu atakuwa bora msimu ujao? Wengi walisema atapanda kidogo. Yaliyotokea mnaweza kuyaona katika tarakimu hizi. Mwaka 2019 alirusha mara 527, na mara 402 mpira ukafika, asilimia 76.3. Mabao kutoka 16 yakawa 60. Timu ilicheza mechi 15 ikashinda zote 15. Kule Alabama, dhidi ya timu iliyokuwa imekifunga chuo hicho mara 8 mfululizo, walishinda 46 kwa 41. Wakati huo nilikwisha kurudi nyumbani, na mechi ile ilianza saa tano na nusu usiku kwa saa zetu. Mke wangu ana maneno yake juu ya usiku huo. Fainali dhidi ya Clemson, waliyoshinda 42 kwa 25, ilianza kwetu saa kumi alfajiri ya tarehe 14 Januari 2020, na asubuhi hiyo nilikwenda kazini moja kwa moja.

Nathubutu kusema kwamba dalili zilikuwapo, ila hazikuwa pale watu walipokuwa wakitazama. Watu walitazama ile asilimia 57.8. Hawakutazama kwamba kijana aliingia chuoni kiangazi na mwanzoni mwa Septemba akawa uwanjani, akiongoza watu ambao hata majina yao alikuwa bado anayashika. Hawakutazama kwamba katika mipira 379 aliyorusha, adui alinasa 5 tu. Mtu asiyekosea hovyo na bado hafungi mabao mengi mara nyingi hajanyimwa akili. Amenyimwa nafasi ya kuitumia. Na hawakutazama mechi ya mwisho, tarehe 1 Januari 2019, dhidi ya timu iliyokuwa imeshinda mechi 25 mfululizo. Mapema katika mechi ile pasi yake moja ilinaswa na kurudishwa hadi mwisho wa uwanja, na yeye mwenyewe, alipokuwa akimkimbilia aliyeunasa, akagongwa na jitu moja hata akalala chini. Akainuka. Kabla mechi haijaisha alikuwa amepiga pasi 4 za mabao na yadi 394, na timu yake ikashinda 40 kwa 32. Ukijumlisha mechi zote 13 za msimu unapata mtu wa wastani. Ukizipanga kwa tarehe unaona mtu anayepanda.

Ninyi vijana mtapenda niseme kwamba alijitahidi, akaamka mapema, akafaulu. Alijitahidi, sina shaka. Lakini alijitahidi miaka mitatu benchini vilevile, na hakuna aliyejua. Lililobadilika mwaka 2019 lilikuwa jambo jingine.

Januari ya mwaka huo kocha mkuu, Ed Orgeron, alimwajiri kijana wa miaka 29 anayeitwa Joe Brady, aliyekuwa msaidizi katika timu ya wachezaji wa kulipwa ya New Orleans. Alikuja kushirikiana na kocha mwandamizi wa mashambulizi, Steve Ensminger, ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake. Mtu mzima yule hakuona haya kukaa meza moja na kijana na kubadili mpango wake. (Ndugu zangu wa idara za serikali, naomba tupumzike hapo kidogo.) Mpango wa zamani wa chuo kile ulikuwa wa nguvu: mpe mkimbiaji mpira, avunje ukuta. Mpango mpya ulitawanya wapokeaji hadi 5 katika upana wote wa uwanja, na hata yule mkimbiaji akawa anatoka nje kupokea. Adui akalazimika kutawanyika naye. Hapo kwotabeki aliweza kuona, kabla hata hajagusa mpira, ni nani anamlinda nani na pengo litatokea wapi, na mpira ukaondoka mkononi mwake upesi. Kusoma uwanja ndicho kipaji alichokuwa nacho siku zote. Mpango wa zamani ulikuwa haukiulizi.

Tena hakuwa peke yake. Wapokeaji wake, Justin Jefferson na Ja'Marr Chase, walikuwa wamekua naye mwaka mzima, wakirusha na kudaka mazoezini majira yote ya baridi na kiangazi. Wale watano wanaosimama mbele yake kumkinga walipewa tuzo ya ukuta bora wa nchi nzima. Mwaka 2020 wachezaji 14 wa kikosi kile walichaguliwa na timu za kulipwa, Burrow akiwa wa kwanza kabisa nchini, na Brady naye akaondoka kwenda timu ya kulipwa. Msimu uliofuata chuo kilekile, uwanja uleule, jezi zilezile, kilishinda mechi 5 na kupoteza 5.

Msije mkadhani nasema kila wa wastani atapanda. Mwaka 2021 katika chuo kikuu cha Oklahoma alikuwapo kwotabeki aitwaye Spencer Rattler, ambaye kabla ya msimu alitajwa kuwa ndiye atakayetwaa tuzo ya mchezaji bora. Oktoba, katika mechi na Texas, timu ikiwa nyuma, alitolewa, akaingizwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Caleb Williams, na Oklahoma wakashinda 55 kwa 48. Utabiri ni kazi ngumu, na mimi nikipewa orodha ya makwotabeki wa mwaka ujao nitakosea kama kinyozi yeyote. Ninalosema ni kwamba ukitaka kukisia kama mtu atapanda, usitazame alama yake ya mwaka peke yake. Uliza alifika lini. Uliza makosa yake ni ya namna gani. Uliza alimalizaje. Halafu uliza, na hili ndilo kubwa, mwakani atawekewa nini pembeni yake ambacho mwaka huu hakuwa nacho.

Tarehe 14 Desemba 2019 Burrow alipewa tuzo ile ya mchezaji bora, iitwayo Heisman. Katika kushukuru, huku akilia, aliwakumbuka watoto wa kwao Athens wanaorudi kutoka shule nyumba ambazo mezani hamna chakula cha kutosha. Watu waliosikia wakaanza kuchanga, na katika siku chache ghala la chakula la wilaya ile lilipata zaidi ya dola 400,000. Mtu aliyekuwa amesimama mahali pa juu kabisa katika mchezo wake alichagua kutaja meza za jikoni.

Sasa nifike kwenye hoja yetu. Fedha za umoja, kama Mweka Hazina atakavyosoma baadaye, kila mwaka hununua zawadi za wanafunzi watatu wa kwanza wa kila kidato, pamoja na vikombe. Nami nilipata kushika kamusi ya namna hiyo mkononi, na ninaitunza. Lakini wale watatu watashinda na zawadi au bila zawadi. Kijana wa nafasi ya 40 katika Kidato cha Tatu, ambaye hesabu zake za Novemba zilikuwa nzuri kuliko za Machi na hakuna aliyezipanga kwa tarehe, yeye hatuna tunachompa isipokuwa makofi anayowapigia wenzake.

Napendekeza vikombe vibaki, maana vimekwisha kununuliwa, lakini fedha za zawadi zigawanywe sehemu mbili. Ya kwanza ilipe walimu wawili wa jioni, mmoja wa hisabati na mmoja wa Kiingereza, kwa Kidato cha Pili na cha Tatu, na walimu hao wapewe ripoti za mihula yote ya kila mwanafunzi, si ya mwisho tu. Ya pili ichangie chakula cha mchana cha wale wanaotembea kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto, kwa sababu mwalimu wa jioni hamfundishi mtu aliyekula jana usiku. Najua wapo wenzetu watakaosema tunaua mashindano. Nawaomba waseme hivyo mchana mbele ya mkutano, nami nitawajibu.

Hoja nimeiandika na kumkabidhi Katibu, nayo ni ya nne katika orodha. Niko tayari kwa maswali. Vijana wanaotaka kujua mpira wenyewe unashikwaje, ninao mmoja ndani ya gari; tutaurusha pale uwanjani Mkuu wa Shule akiturusuhu.