Hezi Kwanza, Volti Baadaye

 

Wahitimu, niliombwa nije niwatie moyo. Moyo mnao tayari. Asiye nao hamalizi mafunzo ya karakana katika joto la Unguja. Kwa hiyo leo tutazungumza kazi. Nimechagua jenereta dogo, lile la kubebwa kwa mkono au kusukumwa kwa magurudumu, kwa sababu wengi wenu litawapa riziki ya mwanzo, na kwa sababu sijaona mashine inayoharibiwa na mafundi wake kama hii.

Hapa kwetu hakuna haja ya kuelezana jenereta lina faida gani. Mei 2008 umeme kutoka bara ulikatika kisiwa kizima cha Unguja, ukarudi baada ya takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo ulirudi Machi 2010. Nyinyi mlikuwa watoto wadogo. Waulizeni wazee wenu waliokaa nyuma hapo jinsi maji yalivyoadimika pampu za visima ziliposimama, na jinsi kila duka la Darajani lilivyokuwa na mashine yake ikinguruma mlangoni. Mwaka 2013 ukawashwa waya mpya wa chini ya bahari, wenye uwezo wa megawati 100, na tangu hapo tunapumua. Lakini majenereta hayakwenda popote. Yako kwenye harusi, kwenye boti, kwenye majengo yanayojengwa, kwenye zahanati za shamba. Na mafundi wa friji wanaokumbuka miezi ile watawaambia kwamba giza halikuunguza friji ya mtu. Friji ziliunguzwa na umeme mbovu wa majenereta yaliyotengenezwa ovyo.

Hapo ndipo lilipo neno langu la leo. Jenereta linalowaka bado si jenereta zima. Kuzungusha shafti ni kazi rahisi, na tangu Michael Faraday aonyeshe mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea kwenye koili hutoa umeme, upande huo hauna siri tena. Kazi ngumu ni kuutawala umeme wenyewe mtu anapowasha pasi, akazima pasi, friji ikaingia, pampu ikaingia, yote ndani ya dakika moja.

Mashine zetu nyingi ndogo zina rota ya ncha mbili. Mzunguko mmoja wa shafti hutoa wimbi moja la umeme. Tukitaka mawimbi 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, injini lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika. Marekani wanatumia hezi 60, kwa hiyo mashine zao hukimbia 3,600. Jambo hili lina maana kwenu, maana mizigo inayoteremka bandarini Malindi hutoka kila upande. Jamaa aliyeko Oman akituma mashine, ni ya hezi 50 kama umeme wetu. Iliyotoka Saudia ni ya hezi 60. Someni kibati kabla ya kuuliza bei.

Anayeshika mwendo huo ni gavana. Ndani ya injini, chini kwenye oili, kuna gia ndogo iliyobeba vipande vya chuma. Injini ikizidi kukimbia, vyuma hutanuka na kusukuma kijiti. Kijiti kinageuza mkono ulioko nje ya injini. Mkono unasukuma kilango cha kabureta kijifunge. Upande wa pili kuna springi inayovuta kilango kifunguke. Ugomvi wa springi na vyuma ndio unaoamua mwendo. Mteja akiwasha pasi, shafti inalemewa, mwendo unashuka, vyuma vinalegea, springi inashinda, petroli inaingia zaidi. James Watt aliweka gavana ya vyuma vya kuzunguka kwenye injini yake ya mvuke mwaka 1788, na mwaka 1868 James Clerk Maxwell akaandika hesabu zake, akaeleza kwa nini gavana nyingine hutulia na nyingine huyumba bila mwisho. Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, kila mmoja wa megawati 235, inafuata wazo hilohilo, ila kinachofunguliwa pale ni njia ya maji.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pesa za wateja zinapopotelea. Gavana ya springi na vyuma hairudishi mwendo uleule kamili mzigo ukiongezeka. Ili kilango kibaki wazi zaidi, vyuma lazima vilegee zaidi, na haviwezi kulegea ila mwendo umepungua. Ndiyo maana jenereta lisilo na mzigo tunaliweka kwenye hezi 52 hivi, ili likishabeba mzigo wake litue karibu na 50. Mteja mwenye mita yake akikulalamikia kwamba 52 ni nyingi, usibishane naye. Washa pasi, mwonyeshe.

Baada ya hezi ndiyo zinakuja volti, na volti zina bosi mwingine. Kwenye mashine nyingi bosi huyo ni AVR, kile kisanduku kidogo cheusi nyuma ya mfuniko. Kinapima volti zinazotoka, kisha kinaongeza au kupunguza mkondo unaoingia kwenye rota kupitia brashi za kaboni. Mkondo ukizidi, sumaku ya rota inakuwa kali na volti zinapanda. Ni kifaa kizuri, na ndicho kinachowadanganya mafundi.

Chukueni injini iliyochoka, ringi za pistoni zimelika, kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Ikibeba mzigo mwendo unaanguka hadi mizunguko 2,580, yaani hezi 43. AVR ndogo hizi nyingi haziangalii hezi. Zinaangalia volti peke yake. Ikiona volti zinashuka inamimina mkondo kwenye rota mpaka 230 irudi. Fundi anachomeka mita, anasoma 230, anapokea hela, anaondoka. Amempaka poda mgonjwa wa homa. Rota inazidi kupata moto, AVR inazidi kupata moto, na ile friji, iliyoundwa kula volti 230 kwa hezi 50, sasa inalishwa volti hizohizo kwa hezi 43. Chuma cha mota yake kinajaa sumaku kupita kiasi, inanyonya mkondo mwingi, inachemka. Wiki mbili tatu baadaye AVR imekufa. Inanunuliwa nyingine, nayo inakufa, na lawama zote wanabebeshwa waliotengeneza mashine.

Upande wa pili ni mashine zisizo na AVR, zinazotegemea kapasita. Volti zake hufuata mwendo wa injini. Kapasita ikichoka volti zinashuka, labda 190. Fundi wa haraka anakaza skrubu ya springi ya gavana hadi mita isome 220, anasifiwa. Injini sasa inakimbia hezi 58, karibu mizunguko 3,500, inapiga kelele, inakula petroli na oili, na feni za mteja zinazunguka kama zimepandwa na mashetani. Kapasita mpya ingemaliza kazi hiyo kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuieleza.

Basi utaratibu ni huu, na walimu wenu wameusema mara nyingi kuliko mimi. Hezi kwanza, kwa springi ya gavana, baada ya kuhakikisha injini yenyewe ni nzima. Volti baadaye, kwa AVR au kapasita. Na vipimo vyote virudiwe jenereta likiwa na mzigo, kwa sababu jenereta tupu halisemi ukweli wowote wa maana.

Kuna ugonjwa mwingine mtakutana nao kila msimu: injini inapanda na kushuka yenyewe, vuu, vuu, vuu, hata bila mzigo. Mkono wa fundi asiyefunzwa unakimbilia springi. Mara nyingi gavana haina kosa. Petroli iliyoachwa ndani miezi mitatu minne imeacha utando, jeti ya kabureta imeziba nusu, injini inapata petroli haba na hewa nyingi. Safisheni jeti kwanza. Mkishaikunja springi, mmeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Majenereta ya inveta nayataja kwa ufupi, ingawa najua ndiyo mnayoyapenda. Pale injini hailazimiki kukimbia 3,000. Inazungusha sumaku za kudumu zenye ncha nyingi, umeme unaotoka unanyooshwa kuwa wa moja kwa moja, kisha bodi inauunda upya kuwa hezi 50 safi. Mzigo ukiwa mdogo injini inatulia, petroli inaokolewa, kelele inapungua. Kwa kompyuta na studio sina la kupinga. Lakini bodi yake imemiminiwa gundi ngumu, haifunguliki, na ikifa bei yake inakaribia mashine nzima. Mteja wa shamba mwenye pampu ya maji mwambieni ukweli huo, na mwambieni pia kwamba mota huomba mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida inapoanza. Pampu ya wati 750 haitaanza kwenye jenereta la wati 1,000, hata likiwa jipya, hata muuzaji akiapa.

Nimefika kwenye mambo mawili yanayoua watu.

La kwanza ni moshi. Injini hizi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu husikia kichwa kizito, akalala, asiamke. Marekani, nchi yenye sheria na vibandiko vya onyo kwenye kila mashine, watu bado hufa namna hii kila mwaka, hasa baada ya vimbunga kuangusha nguzo. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa huko walitoa kiwango mwaka 2018: jenereta lijizime lenyewe gesi hiyo ikifika sehemu 800 katika milioni, au wastani wa 400 kwa dakika 10. Mashine nyingi zinazouzwa kwetu hazina kihisi hicho. Kihisi ni wewe. Si ukumbini, si barazani, si chini ya ngazi, si kwenye stoo yenye dirisha moja. Nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye mlango na madirisha, ekzosi ikitazama upande usio na watu. Hili linalonguruma nyuma ya ukumbi huu nimelitazama kabla sijaingia, limekaa mahali pake. Aliyelipanga apewe soda.

La pili ni ule waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili jenereta liwashe nyumba nzima. Swichi kuu isipozimwa, umeme wa jenereta unatoka nje kupitia mita, unafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijali njia: kinachoshushwa kutoka volti 11,000 upande huu hupandishwa hadi volti 11,000 upande ule. Juu ya nguzo kuna fundi wa shirika la umeme aliyeambiwa laini imezimwa. Ni kijana kama nyinyi, huenda amekaa kwenye viti hivihivi. Dawa yake ni swichi ya chenjiova, inayoruhusu nyumba kula upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Gharama yake haifiki gharama ya televisheni.

Wahitimu, hongereni sana, wasichana kwa wavulana. Kwa malipo ya kazi yenu ya kwanza, kabla ya simu mpya, nunueni mita inayosoma hezi. Kila jenereta mnalolitengeneza, mwandikieni mteja kwenye risiti hezi bila mzigo, hezi na mzigo, volti na mzigo, mtie sahihi. Na nyinyi wazazi na wenye maduka mliomo humu, nawaomba jambo moja. Kijana huyu akija kwenu akakataa kuunga jenereta bila chenjiova, au akasema halitawashwa mpaka litolewe nje, msimwambie ana kiburi, wala msiende kumtafuta mwingine atakayekubali. Mlipeni, mumsikilize.