Kujieleza kwa Mavazi Kunaanzia Kiunoni

Mada kwa wazazi, walezi wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na mafundi cherehani

Nimeombwa nieleze namna ya kumsaidia mtoto ajieleze kwa mavazi. Maana ya maneno nitaipita haraka. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Leo nawasemea wa miaka miwili hadi sita. Sheria hiyo inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kama ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991. Mwanasaikolojia Erik Erikson naye aliandika mwaka 1950 kwamba mtoto mdogo huvutana kati ya kujitegemea na kuona haya. Hayo mmeyasikia kwenye semina nyingine.

Semina hizo huishia kwenye rangi: mwacheni achague nyekundu au kijani. Sawa. Mimi nataka tuzungumzie kiuno cha kaptula.

Simameni karibu na choo cha kituo saa nne asubuhi. Mtoto wa miaka mitatu kavaa kaptula ya sare yenye kulabu ya chuma, zipu na mkanda wa mtu mzima uliotobolewa kwa msumari. Anahangaika, mlezi yuko na wenzake, anajikojolea, kisha anaitwa mzembe. Wa kike ana zipu mgongoni, mahali ambapo mkono wake haufiki. Huyu hata apewe rangi ya moyo wake, kila asubuhi anavalishwa, na anayevalishwa amezoea kuamuliwa. Siku ya Iddi au Krismasi akililia neti ya gauni inayomwasha makwapani, tunasema ana deko. Kilio kile ndiyo maoni yake yenyewe.

Nimeyasema haya kwa wenye vituo miaka mingi. Jibu ni lile lile: kulabu inapendeza kwenye picha za mahafali, mpira wa kiunoni unaonekana wa kimaskini. Ofisi yangu haina mamlaka ya kumpangia mtu mshono, wala sitaki kunukuliwa kwamba napinga sare. Sare ibaki. Ila mtoto aweze kuivua.

Kuhusu mapendekezo: vituo viweke mpira kiunoni kwa kaptula na sketi zote za chini ya miaka sita. Vifungo viwe mbele, vikubwa, visizidi vitatu. Mafundi washone kipande cha uzi wa rangi ndani upande wa mbele, ili mtoto ajue pa kuanzia, na wampime akiwa amesimama na akiwa amechuchumaa. Wamuulize yeye, si mama peke yake, kama anataka mifuko. Magauni pia yawe nayo. Mzazi anayenunua nguo ya kukulia namwelewa, pesa haitoshi, lakini amwombe fundi aache pindo nene la kuteremshwa baadaye badala ya kumvika suruali inayoburuzwa. Usiku atoe nguo mbili anazozikubali zote, mtoto achague moja; kumfungulia kabati zima ni kumchanganya. Kwenye mtumba vilevile: chambua wewe kwanza, umbakizie mbili. Akivaa fulana nyuma mbele, aachwe. Kituo chenye sare kimwachie soksi au mfuko wa daftari achague mwenyewe. Wakaguzi wanaohesabu matundu ya vyoo waangalie pia kama mtoto anaweza kufungua kaptula kabla ya kulifikia tundu. Narudia mpira kiunoni, kwa sababu najua ndio utakaosahaulika kwenye taarifa ya semina hii.

Sare za Januari huanza kushonwa kabla mwaka haujaisha. Mafundi mliopo hapa, kazi ya kwanza mtakayopewa, wekeni mpira. Mwenye kituo akilalamika, mleteni kwangu.