Vumbi la Mawe na Mapafu ya Mfanyakazi



Watu wengi hudhani kuwa vumbi la mawe ni uchafu tu, ambao huoshwa jioni ukaisha. Sivyo. Katika mawe mengi mna silika. Mfanyakazi akikata au akisaga mawe hayo, chembe ndogo kabisa zisizoonekana kwa macho huingia mpaka ndani ya mapafu, zikakaa humo na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mtu apatwe upesi na kifua kikuu.

Mara nyingi hupita miaka 10 au zaidi kabla pumzi haijaanza kupungua. Ndiyo sababu vijana huudharau. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini uliangamiza watu wengi, hata mwaka 1930 wataalamu wa nchi mbalimbali wakakutana Johannesburg kuujadili.

Kinga ni kuzuia vumbi lisiruke. Jiwe na limwagiwe maji linapokatwa, wala pasifagiliwe pakavu. Kitambaa cha kufunga pua hakitoshi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Basi mwenye machimbo asingoje kikohozi: maji ni rahisi, mapafu hayanunuliwi.