Jirani Si wa Kuchekwa



Nimeombwa kulinganisha Tanzania na Kenya. Baada ya uhuru tulitumia shilingi moja hadi 1966, kisha njia zikaachana. Kenya ilimpa nafasi mwenye mtaji. Sisi, kwa Azimio la Arusha la 1967, tulitaifisha mabenki. Wazee wetu wakawaita manyang'au; wao wakajibu kwamba sisi hatuna hata cha kula.

Kila mmoja alikuwa na lake. Kenya ilitutangulia kwa viwanda, ikaingia kipato cha kati miaka mitano kabla yetu, tulioingia 2020. Sisi Kiswahili kilitukutanisha darasani, sokoni na Bungeni, makabila yakazoeana. Lakini mpaka ulipofungwa, 1977 hadi 1983, hasara ilikuwa ya wote.

Nikiwa mwanafunzi hapa Mafia nilidhani kumcheka jirani ndio uzalendo. Utumishi umenifunza vingine. Mvuvi wa Kilindoni akiona mwenzake amejaza ngalawa, hamtukani, humwuliza alikotega. Vijana, nanyi ulizeni, na mkiulizwa, jibuni.