Gari Linazima Baada ya Kutoka Gereji

Msikilizaji, gari limetoka gereji, linawaka vizuri, lakini ukiachia mafuta tu kwenye foleni, linazima. Usikimbilie kununua pampu ya mafuta! Anza pale fundi alipogusa.

Fungua boneti, ufuate bomba pana la mpira kutoka kwenye eya klina hadi kwenye injini. Klipu ikilegea, hewa huingia bila kupimwa na sensa, petroli ikawa haitoshi. Tafuta pia kibomba chembamba kilichochomoka. Mara nyingi utakisikia kikifyonza, “ssss”. Wapo wanaonyunyizia petroli kutafuta uvujaji huo. Kwenye injini ya moto? Hapana jamani!

Kama throto, yaani mlango wa hewa ya injini, ilisafishwa, Nissan nyingi hudai kompyuta ifundishwe upya kiwango cha hewa ukiwa umeachia mafuta. Mwulize fundi kama alifanya hivyo.