Ghushi Katika Dawa

Enyi ndugu Waislamu! Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji. Juu pakavu, chini pabichi! Akamkemea muuzaji, na kumkana kila mwenye kughushi.

Sasa lizingatieni gome la mti wa kwinini, lililotoka milima ya Amerika ya Kusini, likawa tiba ya malaria. Wachuuzi wasio na haya walilichanganya na magome mengine, wakayatia shubiri yapate uchungu. Mgonjwa alionja, akaamini, wala homa haikumtoka.

Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou waliitenga kwinini yenyewe. Tangu hapo wanakemia waliweza kulisaga gome, kulichanganya na chokaa, kuitoa dawa iliyomo na kuipima mizanini. Gome bora lilitoa zaidi ya 10 kwa mia. La bandia, japo chungu, halikutoa kitu.

Lakini maabara haipo katika kila duka. Ewe muuza dawa! Mama aliyebeba mtoto mwenye homa hana mizani ila uaminifu wako. Surat Al-Mutaffifin yawaonya wapunjao vipimo. Na apunjaye dawa hupunja uhai.

Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika biashara zetu. Amin.