Chura wa Mtini na Kingo za Vijito Vyetu

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vilivyo kando ya Msitu wa Kakamega)

Wenyeviti, waweka hazina, akina mama, wazee na vijana, asanteni kwa kuacha palizi na kuja kutusikiliza. Leo tunazungumza juu ya chura. Tunajua wengine watacheka. Chekeni tu, lakini msitoke.

Chura tunayemsema anaishi humu msituni mwetu. Si yule mnene mwenye ngozi ya vipele anayekaa kando ya choo usiku. Huyu ni wa mtini. Ncha za vidole vyake ni bapa na za mviringo, nazo hushika jani hata likiwa limelowa. Macho yake ni makubwa. Mchana hujificha, na usiku dume hupanda tawini akaanza kumwita jike. Sisi tunaokaa karibu na msitu tunasikia sauti za vyura kila msimu wa mvua, lakini ni wangapi wamewahi kuinua taa kumtafuta anayeita?

Hata wataalamu walichelewa. Msitu huu ulitangazwa rasmi mwaka 1933, wakati watu walikuwa wakimiminika Kakamega kutafuta dhahabu. Mbao zikakatwa miaka mingi, barabara zikapasuliwa, na chura huyu bado alikuwa hana jina lake kitabuni. Ni mwaka 2006 ndipo alipoandikwa rasmi kuwa aina ya peke yake. Mmoja wa walioandika ni Mkenya mwenzetu, Beryl Bwong, mtaalamu wa vyura. Wakamwita Leptopelis mackayi, kwa heshima ya Mackay, aliyejulikana Kenya kwa ujuzi wake wa nyoka.

Sasa mtauliza: je, chura ataleta unga nyumbani? Hapana. Hatutawadanganya. Tumesikia watu wakiwaahidi wanavikundi kwamba watalii watakuja na pesa zitamwagika. Wageni wengi wanaokuja Kakamega huja kutazama ndege na nyani. Kikundi kisichukue mkopo kwa kutegemea chura.

Lakini tazameni anavyozaa. Vyura wa jamii yake hawatagi majini kama wengine tuwajuao. Jike huyafukia mayai yake udongoni, karibu na maji. Mvua ikinyesha na ardhi ikalowa, viluwiluwi hutoka wakajinyonganyonga mpaka majini. Wakikomaa ndipo hupanda miti. Kwa hiyo anahitaji vitu vitatu vilivyo jirani: mti, udongo usiochimbwa, na maji safi. Ukiondoa kimoja, viwili vinavyobaki havimsaidii.

Na hapo kando ya maji ndipo tulipo sisi! Ndipo tunapopanda nduma, na majani ya nepia ya ng'ombe, na sukumawiki ya kiangazi. Ndipo vijana wanapofinyanga matofali. Ndipo palipopandwa mikaratusi, ambayo kila mmoja hapa anajua inavyokunywa maji. Jembe likipita mara mbili kwa mwaka mpaka ukingoni, mayai yaliyofukiwa yatabaki wapi?

Halafu kuna dawa. Ngozi ya chura hupitisha maji, naye hupata maji yake kupitia ngozi hiyo, kwa hiyo sumu iliyomo ndani humwingia pia. Mtu akimaliza kunyunyizia nyanya zake akaiosha pampu kijitoni, chura ataumia mapema. Lakini hatua chache chini, mtoto anajaza mtungi wa lita 20 wa kupikia na kunywa. Hili, wapendwa, haliwezi kungoja mkutano mwingine. Pampu ioshwe shambani, mbali na maji, kuanzia leo.

Juu ya kulima ukingoni, mambo si mepesi. Katika ziara zetu mama mmoja alituambia waziwazi kwamba kipande chake cha bondeni ndicho kinachomlipia karo, na tukimwambia akiache, tumtajie cha kumpa badala yake. Ana haki. Mwenye robo eka hawezi kuhubiriwa kama mwenye eka kumi. Kanuni za maji zinataka ukingo usiopungua mita 6 uachwe, lakini kanuni haipiki ugali.

Kwa hiyo tunaonelea ianze kazi ya kikundi, asibebe mtu mmoja. Nepia ihamishiwe kwenye makinga maji ya shamba la juu. Itashika udongo na ng'ombe hatakosa. Wenye kipande cha bonde peke yake waache kwanza hatua mbili tatu tu, zisichimbwe wala zisichomwe, na majani makavu yaachwe yaoze palepale. Kikundi kiotesha miche ya miti ya kienyeji, wao wapewe kwanza bila malipo. Mikaratusi iliyopo ikivunwa, visiki vyake visiachwe vichipue tena.

Kabla ya msimu wa mvua ndefu, kila kikundi kichague watu wawili watembee na kijito kutoka chemchemi mpaka mpaka wa msitu. Waandike palipolimwa hadi majini, na mahali pa kuoshea pampu. Majina ya wenye mashamba yasisomwe mkutanoni. Waende wawaone nyumbani, kwa utaratibu. Karatasi hizo wampe katekista, nasi tutazipitia pamoja naye kabla ya kuamua miche mingapi ya kuotesha.